TUSISHUHUDIE UONGO JUU YA BUDDHA
(Somo la dini za dunia: makosa yetu juu ya Ubuddha, na fasi ya uzaifu wake)



Mara hii somo letu linafika kwa dini ya Buddha. Wengine watasema: juu ya nini kujifunza jambo la mbali hivyo, wakati hapa Bule hatujaona hata Mbuddha mmoja? Tutawaeleza sababu.

Katika kalasi moja tuliandika neno BUDDHA kwenye tablo, tukaomba kila mtu aseme anachojua. Majibu yalikuja haraka. "Ni mungu wa Wachina." "Ni ile sanamu ya mutu munene mwenye kucheka." "Ni watu wa karate." "Hawakulaka nyama." "Wakikufa wanageuka mbuzi." Kalasi nzima ikacheka, na sisi pia tukacheka kidogo. Kisha mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye jamaa yake ilikaa kambini, akainua mkono. Akasema polepole: "Mwalimu, kama hao watu wanafundisha kwamba kila mutu anavuna matendo ya maisha yake ya zamani, basi sisi watu wa kambi tulifanya nini?"

Kalasi ikanyamaza. Kengele ikalia. Tuliahidi kujibu, na jibu letu ndilo hili. Lakini hatuwezi kurukia jibu mara moja. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haisemi kwamba jirani lazima awe Mkristo. Kwanza tuseme fundisho la Buddha namna Mbuddha mwenyewe angekubali, nyuma yake ndipo tuonyeshe fasi tunayoona uzaifu.

1. UBUDDHA HAUKO MBALI KAMA TUNAVYOWAZA

Katika miaka ya 2017 na 2018 watu wengi wa Djugu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kukimbilia Uganda. Kumbe katika inchi ile ile, karibu na Entebbe, kuko kituo cha Wabuddha kilichoanzishwa mwaka 2005. Aliyekianzisha si mgeni wa Asia. Ni Muganda, mzaliwa wa 1966, anayeitwa Bhante Buddharakkhita. Alienda India mwaka 1990 kusoma mambo ya biashara, akakutana na watawa kutoka Thailand, akafuata fundisho lao, na mwaka 2002 akawekwa kuwa mtawa huko Marekani. Aliporudi kwao na kanzu yake na bakuli lake la kuombea chakula, watu walimshangaa sana.

Huko Dar es Salaam, Tanzania, kuko hekalu la Wabuddha lililojengwa na watu wa Sri Lanka tangu mwanzo wa karne ya 20. Na hapa kwetu Ituri, kati ya askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja nyuma ya vita ya 2003, kulikuwa Wanepali. Mahali Buddha alipozaliwa, Lumbini, pako katika inchi ya Nepal ya leo. Lakini tujihazari: Wanepali wengi ni Wahindu, Wabuddha kwao ni wachache. Anayesema "Mnepali ni Mbuddha" anakosa sawa na anayesema "Mkongomani ni Mkatoliki."

2. BUDDHA ALIFUNDISHA NINI?

Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Aliishi miaka 400 ao 500 hivi mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Neno "Buddha" si jina la ukoo, maana yake ni "aliyeamka". Habari za wafuasi wake zinasema alikuwa mtoto wa mtawala, akalelewa katika raha. Siku moja akaona mzee, siku nyingine mgonjwa, siku nyingine maiti. Moyo wake ukahangaika. Akiwa na miaka 29 akaacha nyumba, mke na mtoto, akaenda kutafuta dawa ya mateso. Miaka 6 alijitesa kwa kufunga mpaka akabaki mifupa, akaona njia ile haifai. Akiwa na miaka 35, chini ya mti mmoja kwenye mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, huko India, alisema ameamka. Akafundisha miaka 45, akafa akiwa na miaka 80.

Fundisho lake la msingi lina maneno 4. Muyaandike katika kaye:

(a) Maisha yana dukkha. Kila mara tunageuza neno hili kuwa "mateso", lakini ni pana zaidi. Kinga yenye gurudumu lililopinda inatembea, inakufikisha sokoni, lakini haikupi raha njiani. Maisha iko vile: hata furaha yake haikai.

(b) Sababu ya dukkha ni kiu. Si kiu ya maji, ni kiu ya moyo: kutaka kushika vitu visivyoshikika, kutaka kuwa mkubwa, kutaka kisiwepo kile tunachochukia.

(c) Kiu ikizimika, dukkha inakwisha. Kuzimika huko kunaitwa nirvana.

(d) Kuko njia yenye sehemu 8 ya kufika huko: kuona sawa, nia sawa, maneno sawa, matendo sawa, kazi sawa, bidii sawa, uangalifu sawa na utulivu sawa wa roho.

Tena kuko maagizo 5 kwa kila mfuasi: usiue kiumbe, usiibe, usizini, usiseme uongo, usinywe kinachopoteza akili. Mtu wa kanyanga hangepata urahisi kwa Buddha. Angalieni: manne ya kwanza yanakaribia sana Amri Kumi. Kama tukiyazarau, tunazarau tunayofundisha wenyewe.

3. MAKOSA 6 TUNAYOFANYA

Kosa la 1: "Buddha ni mungu wao." Hapana. Yeye hakusema kwamba ni Mungu, wala kwamba ametumwa na Mungu. Alisema ni mtu aliyepata njia. Ni kweli kwamba katika inchi kama China na Japani Wabuddha wengi wanawaomba mabuddha wa mbinguni, kwa mfano anayeitwa Amitabha, awasaidie. Lakini katika Sri Lanka, Thailand na Kambodia fundisho la vitabu vyao ni kwamba Buddha alikwisha kwenda, na kila mtu atembee njia kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo Ubuddha una matawi, sawa na makanisa.

Kosa la 2: "Ni yule munene mwenye kucheka." Sanamu ile ni ya mtawa wa Kichina anayeitwa Budai, aliyeishi zaidi ya miaka 1000 nyuma ya Buddha. Siddhartha alikula mara moja kwa siku.

Kosa la 3: "Ni dini ya huzuni, inachukia maisha." Muganga akikupima na kusema una malaria, hakuchukii. Anatafuta kukupa dawa. Buddha alijiona kuwa muganga wa namna hiyo. Wabuddha wenyewe wanasherehekea, wanaoa, wanaimba, wanacheka.

Kosa la 4: "Wanakataza kutaka kitu chochote, kwa hiyo ni wavivu." Buddha alikataza kiu inayotufunga. Hakukataza nia njema. Bidii yenyewe ni sehemu moja ya njia yao. Mwanafunzi anayetaka kufaulu egzamen hana kosa kwao. Anayelia siku tatu kwa wivu juu ya mwenzake alipita, huyo ndiye mwenye kiu.

Kosa la 5: "Hawali nyama." Wako wengi wasiokula, zaidi katika nyumba za watawa za China. Lakini watawa wa Sri Lanka na Thailand wanapokea nyama wanayopewa, kama haikuchinjwa kwa ajili yao.

Kosa la 6: "Wao ni watu wa amani tu, hawajui vita." Kosa hili ni la kuwasifu kupita kweli, na ni uongo vilevile. Mwaka 2017 katika inchi ya Myanmar, yenye Wabuddha wengi, jeshi lilifukuza Waislamu wa kabila la Rohingya: zaidi ya watu 700 000 walikimbilia Bangladesh. Kulikuwa hata watawa waliohubiri chuki juu yao. Ni aibu kwa fundisho la usiue. Lakini tusiinue kichwa. Wale waliouana hapa Ituri tangu 1999, wengi wao walibatizwa, na siku ya Mungu waliimba nyimbo tunazoimba sisi. Kama hatutaki watu wamhukumu Yesu kwa mapanga yetu, na sisi tusimhukumu Buddha kwa bunduki za Myanmar. Fundisho lipimwe kwa maneno yake. Matendo mabaya ya wafuasi yanaonyesha jambo lingine: kwamba fundisho zuri peke yake haligeuzi moyo, kwao na kwetu.

4. FASI YA UZAIFU

Sasa tumesema yao kwa heshima. Tunayo ruhusa ya kuuliza. Tutauliza mawili tu.

Ulizo la kwanza: ni nani anayezaliwa tena?

Buddha alifundisha kwamba mtu hana nafsi ya kudumu. Tunachoita "mimi" ni mwili, hisia, mawazo na vingine vilivyokutana, vinavyobadilika kila saa, kama vile gari ni magurudumu na mbao zilizofungwa pamoja. Lakini alifundisha tena kwamba nyuma ya kufa kuko kuzaliwa upya, na matendo ya maisha haya yanazaa matunda katika maisha yanayofuata. Basi, kama hakuna nafsi, ni nani anayevuka?

Tusiwaze kwamba sisi ndio wa kwanza kuuliza. Kuko kitabu chao cha zamani ambamo mfalme Milinda, mwenye asili ya Kigiriki, anamuuliza mtawa Nagasena ulizo hili. Mtawa anajibu kwa mfano wa taa: ukiwasha taa moja kwa moto wa nyingine, je, moto umehama? Hapana, lakini moto wa pili umetoka kwa wa kwanza. Jibu hilo lina akili, na mtu asiseme kwamba ni ujinga. Lakini sisi tunaona halitoshi kwa jambo la haki. Kama moto wa pili si ule wa kwanza, na hakumbuki kitu, juu ya nini uchomwe kwa makosa ya ule mwingine? Hata kwa baraza ya mukubwa wa kijiji, hatumwazibu mtoto kwa wizi asioujua wala kuukumbuka.

Ulizo la pili ndilo la yule mwanafunzi: juu ya karma.

Neno karma maana yake ni "tendo", zaidi tendo linalotoka katika nia. Hapa tena tusiwasingizie. Watu wengi wanawaza karma ni sawa na "imekwisha kuandikwa", kwamba mtu hawezi kubadili kitu. Buddha hakufundisha vile. Alisema tendo jema la leo linafungua njia mpya. Tena kuko habari ya mtu aitwaye Sivaka, aliyemuuliza kama kila uchungu unatoka kwa matendo ya zamani. Buddha alikataa. Alitaja sababu nyingine pia: magonjwa ya mwili, mabadiliko ya hali ya hewa, na mengine kama hayo. Kwa hiyo Mbuddha anayejua vitabu vyake hatakuja kambini na kusema, "Nyinyi wote mlikosa zamani."

Lakini uzaifu haujakwisha. Kuko fundisho lingine katika vitabu vile vile, ambamo mtu anauliza sababu gani wengine wanaishi siku chache, wengine wagonjwa, wengine maskini. Jibu ni kwamba aliyeua zamani anaishi siku chache, mwenye kutesa anakuwa mgonjwa, mchoyo anazaliwa maskini. Fundisho hili limeshuka sana katika mioyo ya watu. Katika inchi nyingi za Wabuddha mtoto akizaliwa kilema, majirani wanaweza kuwaza: iko sababu. Matunda yake tunayaona. Maskini anabeba umaskini, tena anabeba hukumu. Na mtajiri, hata kama aliiba, anaweza kulala vizuri akiwaza kwamba anakula mavuno ya wema wake wa zamani.

Mwanzo wa mwezi wa pili mwaka 2022, kwenye kambi ya Plaine Savo, hapa karibu na Bule, watu karibu 60 waliuawa usiku. Kati yao kulikuwa watoto. Walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja, walilala chini ya maturubai. Fundisho lolote linaloweza kusimama mbele ya makaburi yale na kusema "iko sababu katika maisha yao ya zamani", hata kwa sauti ndogo, hata kwa nia njema, hilo ndilo fasi ya uzaifu wake.

5. SASA TUJITAZAME KATIKA KIOO

Hapo tungeweza kufunga somo na kushangilia. Lakini tusikieni vizuri. Nyuma ya usiku ule, ni nani aliyesema hapa kwetu kwamba wale watu "Mungu amewaazibu kwa zambi zao"? Si Wabuddha. Hawakuwepo. Maneno hayo tuliyasikia kwa masikio yetu, kwa kilio, sokoni, hata kwa watu wenye Biblia mkononi.

Rafiki za Ayubu walikuwa na ugonjwa huo. Wanafunzi wa Yesu pia: katika Yohana 9 walimwona kipofu, ulizo lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, akamponya. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama walikuwa wabaya kupita wengine wa Yerusalema, na anajibu wazi kwamba hapana. Kisha anawageuzia ulizo wale waliokuwa wazima: wao watubu.

Kwa hiyo tofauti yetu na Mbuddha si kwamba sisi ni wazuri ao wenye akili kupita yeye. Tofauti ni kwamba sisi tuna Bwana aliyekataza kabisa hesabu ile, na kama tunaifanya, tunamkosea yeye. Tena hakubaki kuifuta hesabu kwa maneno. Alilia kaburini kwa Lazaro, na yeye mwenyewe asiye na zambi alikufa kifo cha mkosaji. Anayeamini msalaba hawezi tena kusema kwamba kila anayeteswa alistahili.

Tusifiche jambo lingine. Mbuddha naye ana haki ya kutuuliza: "Mungu wenu mwenye nguvu zote alikuwa wapi usiku wa Savo?" Yeye hana mzigo wa ulizo hilo, maana hakiri Muumba. Sisi tunao. Hatuna jibu fupi la kuandika kwenye tablo, na mwalimu anayesema analo, mumwangalie vizuri. Tunalo tumaini tu, na tunalo neno la kumwambia Mungu mwenyewe kwa kilio, kama Zaburi zinavyofanya.

Na kuko jambo la kujifunza kwa Buddha. Wafuasi wake wanasimulia habari ya mama Kisa Gotami, aliyebeba mtoto wake maiti, akizunguka kutafuta dawa. Buddha hakumwuliza alikosa nini. Alimtuma alete mbegu chache za haradali kutoka nyumba ambayo hajakufa mtu. Mama akapita mlango kwa mlango. Kila nyumba ilikuwa na mbegu, na kila nyumba ilikuwa na wafu wake. Jioni akaelewa kwamba hako peke yake, akamzika mtoto. Sisi tungeongeza tumaini la ufufuo, ambalo Buddha hakulitoa. Lakini adabu ile mbele ya mwenye kilio, tungefanya vizuri kuiiga.

6. JIBU

Ndugu yetu wa nyuma ya kalasi, uliuliza: "Sisi watu wa kambi tulifanya nini?" Jibu ni hili: hamkufanya kitu cha kustahili vile. Waliokosa ni wale waliokuja na mapanga. Mtu akikuambia vingine, akiwa Mbuddha ao mchungaji ao mwalimu, hasemi kweli. Na ile siku tulicheka mbele ya ulizo lako: utusamehe.

MAULIZO YA KUJIFUNZA
1. Toa maana ya dukkha kwa mfano wako mwenyewe, usitumie ule wa kinga.
2. Katika makosa 6 tuliyotaja, ni gani ulikuwa nalo? Nani alikufundisha?
3. Eleza jibu la Nagasena kwa mfalme Milinda namna Mbuddha angekubali. Kisha sema unaona nini.
4. Soma Yohana 9 na Luka 13. Yesu anakataa nini? Anaomba nini kwa waliobaki wazima?
5. Mwenzako amefiwa. Andika maneno mawili ambayo hutamwambia, na jambo moja utakalomfanyia.